Maji Hayavuki Daraja

Fundi aliyekodi meza ya pili katika duka langu la fotokopi hapa Kalerwe ana kompyuta ndani ya kompyuta. Ya nje ni ya kazi za wateja. Ya ndani ameiwekea mfumo wa Linux na programu ya bure inayokokotoa mwendo wa maji, na humo amechora mtaro wetu, daraja na kila kibanda cha soko. Kila asubuhi hupangusa skrini kwa mkono wa shati, huianzisha humo mvua ya mwaka jana, kisha hukaa akiipapasa pete yake ya ndoa. Zulaikha, muuza chai wa soko, akileta chai humuuliza kwa heshima, "Ssebo, leo maji imefika wapi?" Hujibu polepole, "Darajani." Kila siku darajani.

Jana niliinama kuchomeka waya wa printa nikaona rangi ya bluu ikikaribia kibanda cha kwanza baada ya daraja, kile ambamo mafuriko ya mvua hiyo yalimkuta mkewe. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha, mashine ya ndani ikaganda.

"Ssebo, ukiiacha iendelee si utajua mtaro upanuliwe kiasi gani?" nikamuuliza.

"Najua," akasema. "Tangu Machi najua."

Akairudisha mvua mwanzo.