Mkono Chini ya Kiwiko

Mhudumu wa meza waliyokaa Kathure na rafiki zake alikuwa Mrundi mrefu, vidole vimechubuka kwa sabuni ya vyombo. Kila alichompa Kathure, kikombe, kijiko, hata kitambaa cha kufutia mikono, alikitoa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, taratibu kama anayetoa sadaka. Wahudumu wenzake katika mkahawa huo wa Kishanghai, mkahawa wa wenye nazo pale Sugar Land, Marekani, walikuwa wakibwaga sahani na kukimbia. Kathure, nesi asiyejua kunyamaza, akamchokoza: "Ndugu yangu, huo mkono unauma?" "Hapana, mama. Kwetu ndiyo heshima. Ila bosi amenikataza, ati nachelewesha watu. Leo ananijaribu, nikishindwa, narudi jikoni kuosha masufuria."

Akaenda meza ya jirani kumpa chai bibi mmoja wa Kichina. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda, ukasita, kisha ukashika kiwiko. Bosi, aliyekuwa akimtazama kutoka kaunta, akakunja uso. Bibi akaweka vijiti vyake vya kulia chini, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Halafu akamwita bosi, wakanong'onezana kwa Kichina. Bosi akamjia yule Mrundi. "Kesho njoo mapema," akasema. "Uwafundishe hawa wengine."