Mkeka Nilioshindwa Kuukalia

Siku yangu ya mahari naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia natazama chini. Wakwe walikuwa wamejaa nyumbani kwetu Nguba. Desturi yetu ilitaka tantine, dada yake baba, aniingize nikiwa nimefunikwa kitenge, nikae kwenye mkeka mbele yao. Nami kukaa sikuweza.

Uvimbe mkali ulikuwa umenitoka kwenye shavu la uke. Unaona, hata leo neno lenyewe linanikwama kooni! Nilikuwa sijamjua mwanaume, lakini niliona haya kama mtu aliyefumaniwa. Nilijiambia wakwe wakisikia watasema nimetembeatembea, na ndoa itavunjika. Basi nikanyamaza. Rafiki yangu akanishauri niutoboe kwa sindano, nikautoboa. Ukazidi, homa ikapanda.

Pale mkekani nikapiga magoti, nikabaki hivyo hivyo, jasho likinitiririka.

"Huyu binti iko na heshima kabisa!" akasifu mama mkwe.

Heshima gani, jamani! Sifa ile iliniuma kuliko uvimbe. Muda si mrefu nikaanguka kifudifudi. Tantine akanibeba mpaka chumbani, akafunua kitenge, akaona.

"Juu ya nini haukuniambia?" akanikaripia kwa sauti ya chini. "Kama jipu ingekuwa ku mukono, ungeificha? Unataka kufa na haya yako?"

Akanipeleka kituo cha afya. Muganga, mama mtu mzima, alinitazama bila kukunja uso. Akanieleza kwamba kando ya mlango wa uke kuna vitezi viwili vya kutoa ute. Kimoja kikiziba huvimba, kikiingiwa na vijidudu hujaa usaha, hata kwa bikira. Akasema uvimbe mwingine ni jipu la kawaida, mwingine ni nywele iliyoota kwa ndani baada ya kunyoa, mwingine ni ugonjwa wa zinaa, na bila kupimwa huwezi kujua ni upi. Akatia ganzi, akapasua kidogo, usaha ukatoka.

Tantine alirudi kwa wakwe akasema wazi: "Mutoto alikuwa na jipu, wameipasua. Mwenye hajapata jipu maishani anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Mahari ikapokelewa bila mimi.

Sasa wewe, mwanangu, tangu jana unakula umesimama. Nimekuona, nikanyamaza kama mjinga, kwa haya ile ile. Unisamehe. Usikamue, usitoboe, usipake dawa za sokoni. Kama umelala na mtu, mwambie muganga bila kuficha, naye huyo mtu akapimwe; mimi sitakupigia kelele. Na joto hili ninalolisikia kwenye mkono wako halingoji kesho. Jifunge kitenge changu, kile kipana, twende. Mungu akuponye, mwanangu, na akupe mdomo ambao mimi sikuwa nao.