Lulu kwenye Meno ya Hilaria

Pale sokoni Shanwe, bibi harusi hakuvaa mkufu wa lulu kabla Hilaria muuza shanga hajaupitisha kwenye meno. Ndiyo, meno! Alichagua punje, akaisugua taratibu kwenye meno ya mbele. Ikiteleza, plastiki hiyo. Ikikwaruza kidogo kama unga wa dona, ni lulu. Maana chaza akiingiwa na kitu cha kumkera, hawezi kukitema. Anakizungushia ute wake, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka, mpaka kiwe lulu. Mkwaruzo ule ndizo tabaka zenyewe.

Siku hiyo Bernadetha wa Kasekese alimletea mkufu wa bintiye Kashinje anayeolewa. Alikuwa ameuza ng'ombe ili aununue kwa Gideon, mchuuzi wa meza ya jirani. Hilaria akasugua punje moja, akasugua nyingine, akatikisa kichwa.

"Mama Kashinje, umeingizwa mjini. Hii ni plastiki tupu."

Gideon alisikia. Kabla mtu hajasema "we!", ngumi ilishatua mdomoni mwa Hilaria, na meno mawili yakadondoka mezani katikati ya shanga. Mshenzi yule hakutosheka, akamwongezea teke la tumbo.

"Mwizi!" Bernadetha akapiga yowe. "Mwizi huyo!"

Haya, mnatujua wenyewe. Neno hilo likishatajwa sokoni, nani anauliza tena? Mawe, nondo, fimbo za wachungaji! Gideon alipigwa mpaka jicho likafumba, akavishwa tairi shingoni, na dereva mmoja wa bodaboda akaja na chupa ya petroli.

Hilaria alimchukia mtu yule, alimchukia kutoka moyoni. Lakini achomwe mbele yake, kwa neno lake? Hapana, jamani. Akajivuta hadi kwenye mkufu, akausugua kwenye meno yaliyobaki, damu ikimchuruzika kidevuni. Punje ikateleza vilevile.

"Mwacheni! Nilikosea mimi. Ni lulu kweli."

Chupa ikashushwa. Gideon, badala ya kushukuru Mungu wake na kunyamaza, akainua uso uliovimba.

"Mmesikia nyie? Huyu mama ana wivu na biashara yangu!"

Bernadetha akageuka. "Kumbe ulimsingizia? Tumetaka kuua mtu bure kwa uongo wako?"

Hilaria akafungua mdomo ajibu, ikatoka damu tu. Jiwe la kwanza alilirusha Bernadetha. La pili alilirusha Gideon.