Mjomba Aliyemimina Wanzuki

Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu kule Mkonze, kijana aliyekuwa anahudumia aliinama akaniuliza, "Shikamoo bibi. Nikupe mvinyo mwekundu na hii nyama, au utasubiri ule mtamu uje na keki?" Nikamwambia nitasubiri. Kusema kweli, ndugu yangu, hata muziki sikuusikia tena. Nilikuwa nimerudi kwenye tembe la bibi yangu, wakati wa Mjerumani, siku dada yangu alipoolewa.

Zabibu hatukuwa nazo. Tulikuwa na wanzuki, mvinyo wa asali, uliochachia kwenye vibuyu kando ya meko. Bibi ndiye aliyeutengeneza, lakini mwenye kuugawa alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Ule mchanga, mtamu, alianza nao pamoja na karanga za kukaanga. Ule mkali aliuzuia mpaka mbuzi aive, maana alisema mafuta ya nyama huupunguza makali. Mwisho lilikuja boga lililopikwa kwa maziwa, na hapo alimimina kidogo tu, wanzuki usiozidiwa utamu na boga. Mgeni akidai mkali kabla ya wakati wake, mjomba alitabasamu akampita.

Vita vilikuwa vimefika. Wanaume walikuwa wanakamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Ndiyo maana harusi ile haikupigiwa ngoma. Tulikusanyika mchana, tukazungumza kwa sauti za chini, kila mtu sikio lake likiwa njiani.

Nyama ilikuwa bado motoni askari wawili walipoingia uani. Mkubwa wao alikuwa na cheo cha ombasha, mtu mzima, ana kamba kiunoni. Mwenzake alikuwa kijana. Bibi akawatandikia ngozi ya ng'ombe.

"Nimesikia hapa kuna harusi," ombasha alisema. "Nataka kumwona bwana harusi."

"Utamwona, baba," bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kwanza ule."

Hapo mjomba akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alileta wanzuki mkali kwanza, bila karanga, bila nyama. Akanywa kata moja ili mgeni aone hauna sumu, akampa ombasha nyingine. Kisha tena, na tena. Kila alipomnywesha, naye ilimbidi anywe. Bibi aligeuza nyama taratibu, kama vile moto umekataa.

Askari kijana alikataa kata. "Mimi Mwislamu, mama." Bibi akampa bakuli la boga. Akala polepole, macho yake yakizunguka uani.

Shemeji yangu, bwana harusi mwenyewe, akapita nyuma ya dada, akaelekea zizi la ndama, akainama kama anayetafuta kitu. Hakuinuka tena upande wetu. Mimi nilimwona. Askari kijana naye alimwona. Mkono wake ulisimama kati ya bakuli na mdomo. Akamtazama dada yangu, kisha akainamisha kichwa, akaendelea kula.

Nyama ilipoletwa, ombasha macho yalikuwa mekundu lakini akili alikuwa nayo. Alikula, akafuta mikono, akasema, "Sasa bwana harusi."

Mjomba akaweka kata chini. "Ni mimi."

Ombasha akamgeukia mwenzake. "Wewe hukunywa. Ndiye huyu?"

Kijana akamtazama mjomba. "Ndiye."

Wakamfunga kamba. Dada akaanza kulia, na ombasha akaamini, kwa sababu alilia kama anayenyang'anywa mume.

Shemeji alirudi kutoka porini vita vilipokwisha, wakajenga, wakazaa. Mjomba hakurudi. Bibi aliendelea kutengeneza wanzuki, ila kwenye sherehe alileta vibuyu vyote kwa pamoja, kila mtu ajimiminie. Nilipomwuliza tuanze na upi, alisema, "Aliyekuwa anajua hayupo," akaendelea kupeta uwele.

Tembe lilishabomoka, na palipokuwa na zizi kuna nyumba za bati. Wanzuki wenyewe siku hizi ni wa kutafuta. Watoto wangu huniuliza mjomba amezikwa wapi. Sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa amekunywa sawasawa na ombasha, kata kwa kata, na alipotolewa uani ombasha ndiye aliyekuwa anayumba. Mjomba alitembea wima.