Mtakatifu Ailmer wa Merrowby na Mwaka Uliopotea

Alizaliwa mwaka 1258 katika kijiji cha Merrowby, kwenye nyanda chepechepe za mashariki ya Lincoln, mtoto wa tatu wa Godric mchimba mitaro. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Alisali sala za jioni asubuhi, na katika wajomba zake mapacha hakuwahi kujua ni yupi anayezungumza naye. Lakini hakuficha kusahau kwake kwa uongo. Akipoteza kondoo, alirudi nyumbani, akasema amempoteza, akanyoosha mkono achapwe. Paroko mzee aliliona hilo akamfundisha Kilatini, na mwaka 1284 Ailmer akapewa upadre katika kanisa kuu la Lincoln, akarudishwa Merrowby kuchunga roho za watu wake.

Ikaja misimu miwili ya baridi mfululizo ambayo mto ulivunja kingo zake. Katika mmojawapo, siku ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, alichukuliwa kwa mtumbwi hadi Holme, kwenye nyumba ya Bwana Odinel, ambaye mkewe alikuwa amefariki akijifungua. Padre alimbatiza mtoto, akaandika pembeni mwa kitabu chake cha misa: “Siku ya Mtakatifu Lusia nilimbatiza Hawis, binti wa Odinel.” Mwaka hakuuandika. Merrowby hakuna aliyekuwa akiandika mwaka. Sikukuu ilitosha, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba atakumbuka.

Hawis alipokuwa bado mdogo, Odinel naye akafa. Kwa kuwa ardhi ya Holme aliishika moja kwa moja kutoka kwa mfalme, sheria iliiweka ardhi hiyo, pamoja na binti mwenyewe, mkononi mwa mfalme mpaka Hawis atimize miaka kumi na sita. Mfalme akawakabidhi kwa mlinzi, askari mmoja wa farasi aitwaye Reynold Tarrant. Huyu alikata miti ya Holme, akaacha kinu kioze, akapanga kumwoza Hawis kwa mpwa wake, mwanamume aliyekwisha kuzika wake wawili. Binti akitimiza umri kabla ya ndoa hiyo, angechukua ardhi yake na kumkataa bwana harusi. Asipotimiza, yamekwisha.

Februari mwaka 1302, afisa wa mfalme alikuja kanisani Merrowby kuuliza umri wa Hawis. Majirani kumi na wawili waliapishwa, kila mmoja aeleze alivyoikumbuka siku ya kuzaliwa kwake, kwa jambo lililompata yeye mwenyewe siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Padre Ailmer aliwekwa wa mwisho, kwa sababu ya kitabu chake.

“Nakumbuka kama jana,” alisema Hamo mhunzi. “Ni mafuriko ya kwanza. Siku ile nilivunjika mguu.”

“Mguu gani, Hamo?” sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. “Juzi ulisema wa kushoto, leo unashika wa kulia!”

“Ulivunjika wa kulia, mama. Wa kushoto uliuma kwa huruma.”

Watu walicheka. Wote kumi na mmoja walimpenda Hawis, na wote waliapa kwamba ana miaka kumi na sita. Watatu kati yao walivunjika miguu siku hiyohiyo. “Kijiji hiki kingekuwa cha viwete watupu,” alisema Tarrant, naye hakucheka.

Ailmer alifungua kitabu. Alikumbuka mtumbwi. Alikumbuka maji kwenye ngazi za altare, na kikohozi kilichomsumbua alipokuwa akimbatiza mtoto. Lakini kikohozi kile kilikuwa cha mafuriko ya kwanza au ya pili? Kadiri alivyofikiri, ndivyo misimu ile miwili ilivyoingiliana, ikawa maji mamoja ya kijivu.

“Padre, sema tu,” alinong'ona Hamo. “Maneno mawili, binti aende zake nyumbani.”

Hawis alimtazama. “Padre, wewe ndiye uliyenibatiza. Utanikana leo?”

Ailmer aliweka mkono juu ya kitabu. Akasema, “Naapa kwamba nilimbatiza. Mwaka siujui.”

Bila kauli moja ya wote kumi na wawili, afisa hakuweza kuamua. Aliandika kwamba shauri lipelekwe kwa makarani wa mfalme, padre akawafuate na kitabu chake, na hadi jibu litoke binti asiozwe kwa mtu yeyote. Maneno haya ya mwisho hakuna aliyeyasikia. Watu walisikia tu kwamba padre amemkana yatima. Hamo alitema mate mlangoni mwa kanisa.

Ailmer aliondoka kwa miguu kabla ya Kwaresima. Huko York, makarani walikokuwa wakikaa wakati huo, aliambiwa kwamba maandishi ya shauri lake yamekwenda kusini na mikokoteni ya mfalme. Alipofika Westminster, aliambiwa yamerudishwa York. Alirudi York, hakuyakuta. “Padre wangu,” karani mmoja alimwambia, “sisi wenyewe hatujui mfalme atalala wapi kesho, sembuse ngozi yako moja ya maandishi.” Alilala mazizini, akaugua homa wakati wa mavuno. Alisali akisema, “Bwana, niliogopa kuapa uongo, na ukweli wangu umemfanya mtoto huyu mateka. Nimekosea wapi?” Akaendelea kutembea.

Januari mwaka 1303, akiwa Westminster tena, karani mzee aliipata ngozi ile. Aliisoma, akauliza, “Shida hasa ni nini?”

“Sijui kama ni mafuriko ya kwanza au ya pili.”

Karani alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. “Kama ni ya kwanza, ana kumi na saba. Kama ni ya pili, ametimiza kumi na sita mwezi uliopita. Unataka nini tena, Padre?”

Ailmer hakuelewa. Alimwomba ahesabu mara ya tatu. Kisha aliweka mkono juu ya kitabu, akaapa akilia, wala hapakuwa na shaka hata chembe katika kiapo hicho.

Alirudi na amri yenye muhuri. Mbele ya majirani, afisa alichimba bonge la udongo wa Holme, akaliweka mikononi mwa Hawis kama ishara ya kumkabidhi ardhi yake, na Tarrant akaondoka siku hiyohiyo. Binti alipiga magoti. “Padre, mwaka mzima nimekulaani.”

“Hata mimi nilijilaani, mwanangu. Nilidhani nimekupoteza.”

Ailmer alifariki kwa amani katika Majilio ya mwaka 1311. Husimuliwa kwamba ndugu wawili waliogombania shamba la majani walifika kaburini pake kuapa, ndimi zao zikawa nzito, hata kila mmoja akakiri kwamba hajui mpaka ulipita wapi. Wakagawana majani, wakala chakula pamoja.

Anayetaka kumfuata asianze na safari ndefu. Aanze pale anapoombwa ushahidi kwa ajili ya mtu anayempenda, na kumbukumbu yake haina kitu. Aseme alichokiona tu, hata machozi yakimtoka. Kisha avae viatu vyake, aende kumtafutia haki mtu huyo, hata kama haielewi njia.