Bonde Tulilolowekea Muhogo

Enzi zetu pale Ziwani, mtoto aliyenuka muhogo uliovunda hakuulizwa alikotoka. Alitoka bondeni. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake kwenye kinamasi, limezungushiwa vijiti, na humo tuliloweka muhogo mchungu mpaka ulainike na sumu itoke. Kambale walifuata harufu, nasi tukawafuata kambale. Tulirudi nyumbani na matope hadi masikioni, mikono imechomwa na miiba yao, na bado tunacheka.

Bibi yetu alikuwa mkali. "Ole wake nitakayemwona anatema mate kwenye maji yale! Mnadhani ya kisimani yanatoka wapi?" Mate tu, jamani. Hata matete ya kuezekea tulikata ya pembeni, ya katikati tukawaachia ndege.

Leo bonde hilo hilo limemwagiwa kifusi, lori baada ya lori, likakatwa viwanja. Na aliyeanza si mgeni. Ni Shaibu, mtoto wa kaka yangu. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi, "Shangazi, pori la vyura lina faida gani?" Kijana ambaye kambale anamjua kwenye simu tu! Akajenga kiangazi, akapaka na rangi.

Masika yakaja, maji yakarudi kwao, yakamkuta Shaibu sebuleni. Alibisha hodi kwangu na mke, watoto na magodoro yaliyolowa. Nikawapokea, ningefanyaje, damu yangu. Nikawasongea ugali wa muhogo niliouloweka kwenye ndoo ya plastiki. Maji nilinunua, maana tangu bonde lizibwe, kisima alichotuchimbia babu kimeingia chumvi ya bahari.

Shaibu akala, akashiba, akanawa. Kisha akasema, "Kiangazi nitaongeza kifusi, Shangazi. Lile shimo lililobaki ndilo linaloniletea maji."

Lile shimo lililobaki ni la bibi. Ndilo peke yake ambalo bado lina matete na vyura.

"Kilete hicho kifusi," nikamwambia. "Lori lako litanikuta nimekaa humo ndani."

Akacheka, akidhani natania. Sisi tulikatazwa kutema mate mle. Huyu anataka kupafukia, halafu jioni aje kwangu kuomba maji ya kunywa.