Mdomo Kama Sindano

Fundi cherehani hakumwamini mtu anayeanza na rangi, kwani rangi hupauka. Kwa hiyo mkwewe, mwalimu aliyemwoa binti yake, alipoweka kikombe chake dirishani, akamwona ndege mdogo mtini na kutangaza, "Mama, shomoro huyo, kahawia kabisa," mama huyo alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Baba, tazama mdomo," alimwambia mkwewe. " Wa shomoro ni mnene kama koleo, wa kuvunjia mbegu. Wa huyu ni mwembamba kama sindano. Huyu anakula wadudu."

"Una uhakika gani?"

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, maana ndege yule hungoja cherehani inyamaze ndipo aje. Ndege akatua dirishani, akamnyakua nzi ukingoni mwa kikombe cha mwalimu, akaenda zake.

"Haya, kunywa chai," alisema fundi. "Shomoro wako amekusafishia kikombe."